Shavu Kwanza, Govi Baadaye

Hoja ninayotaka kuipinga ina sura ya busara, na ndiyo maana imedumu. Inasema kwamba mwanamume ambaye njia yake ya mkojo imezibwa na kovu, kupanua kukishindikana, apasuliwe na kuwekewa kiraka cha ngozi ya pale pale. Govi kama lipo litumike: ni ngozi laini, haina nywele, na imekaa jirani na kazi yenyewe. Habari ya kukata utando wa ndani ya shavu na kuupeleka chini ya kitovu ni mbwembwe za India na Ulaya, za watu wenye pesa zao. Utaikuta hoja hii wodini, utaikuta kwa ndugu wanaouguza, utaikuta hata kwa matabibu wanaoandika rufaa za kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza. Na huku Kanda ya Ziwa imepata mtetezi wa ziada: Wasukuma kwa jadi hawakutahiri, basi wazee wetu wana ngozi ya akiba ambayo mtu wa Pwani hana. Kwa nini mtu achanwe mdomo wakati kitu kipo?

Achanwe mdomo, nasema mimi, na achanwe mapema.

Tuanze na ugonjwa wenyewe, maana wengi wanaubishania bila kuujua. Mrija wa mkojo wa mwanamume una urefu wa sentimita 18 hadi 20 hivi, na sehemu yake ya mbele imezungukwa na nyama ya sponji iliyojaa damu. Sponji hiyo ikijeruhiwa hupona kwa kovu, na kovu hujikunja. Majeraha yake huku kwetu yanajulikana: kisonono kilichotibiwa nusunusu, mpira wa mkojo uliosukumwa kwa nguvu au puto lake likajazwa kabla halijafika kwenye kibofu, bodaboda iliyogongwa barabara ya Igoma. Lipo pia jeraha la wavuvi ambalo halitajwi sana. Mtu anateleza akipanda mtumbwi, anaangukia ukingo wa ubao huku mguu mmoja uko ndani na mwingine nje, na mrija unabanwa kati ya ubao na mfupa wa kinena. Anatoka damu kidogo, anaona aibu, anarudi ziwani. Miezi baadaye mkojo unatoka kwa uzi, kisha kwa matone, kisha hautoki.

Ukipita mwaloni Kirumba asubuhi, dagaa wakishushwa, huenda ukapishana na mtu wa namna hii usimjue. Amevaa suruali pana. Mfuko wa mkojo umefungwa pajani, na mpira unaingia kwenye kibofu kupitia tundu lililotobolewa juu ya kinena. Anabeba mzigo kwa tahadhari, wenzake wakidhani ana ngiri. Huyo ndiye tunayebishana juu yake, na mara nyingi kabla ya kufika hapo ameshapanuliwa mara nyingi kuliko anavyokumbuka.

Kupanua ndiyo dhambi ya kwanza, na inahusiana moja kwa moja na suala la kiraka. Vyuma vyembamba vinaingizwa kimoja baada ya kingine hadi njia iachie, au kovu linakatwa kwa kisu kidogo kilichopachikwa kwenye kamera. Mgonjwa anakojoa vizuri, anashukuru, anaondoka. Madaktari wa Afrika Kusini, Steenkamp, Heyns na wenzao, walilinganisha njia hizi mbili kwa kuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu, wakachapisha matokeo mwaka 1997. Hakuna iliyoishinda nyingine. Kilichoamua ni urefu wa kovu: likiwa chini ya sentimita 2, takriban wagonjwa 40 kati ya 100 waliziba tena ndani ya mwaka, likizidi sentimita 4, walikuwa 80 kati ya 100. Mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba kumpanua mtu mara ya tatu hakumsaidii kupona. Utafiti huu wa barani kwetu una zaidi ya miaka 25, na bado mtu wa Ukerewe anavuka maji kuja Mwanza kupanuliwa mara ya nne, ya tano, ya sita, na kila safari chuma kinachana, jeraha linapona kwa kovu refu zaidi. Anayesema kiraka ni upasuaji mkubwa mno, tusubiri kwanza, ajue kwamba kusubiri kwake kunaongeza sentimita. Kovu la sentimita 3 linatibika kwa kipande cha shavu moja. Likifika 12 yanatakiwa mashavu yote mawili, na huenda hayatoshi.

Sasa kiraka chenyewe. Kiraka cha aina hii kinakatwa mahali pake pa asili bila mshipa wowote wa damu kufuatana nacho. Ni mche ulionyofolewa kitaluni: uhai wake wote unategemea udongo unaoupokea na kasi ya mizizi mipya. Kwa saa 48 za kwanza kinafyonza majimaji ya pale kilipolazwa, na kufikia siku ya 3 au ya 4 mishipa midogo ya pande mbili inakuwa imeungana. Kikiwa kinene mno upande wa chini, au kikicheza, au damu ikijikusanya chini yake, kinakufa. Kwa hiyo swali la kuuliza juu ya kiraka si kilizaliwa jirani na nani. Tuulize tabaka lake la chini likoje, na kimezoea kuishi katika mazingira gani.

Hapo utando wa shavu unaliacha govi nyuma. Juu ni mnene na mgumu, unashonwa bila kuchanika. Chini ni mwembamba, umejaa vijishipa vya damu kila upande, kwa hiyo ukipunguzwa mafuta unanywa haraka. Hauna nywele. Umeishi maisha yake yote kwenye majimaji na vijidudu, umesuguliwa na ugali na mifupa ya sato, na kidonda chake hupona upesi. Ngozi, hata iwe laini namna gani, ni kiumbe cha hewani. Ikikaa kwenye mkojo miaka nenda miaka rudi inalowa na kubambuka, na wakati mwingine inatanuka ikawa mfuko unaodondosha mkojo mtu akiwa ameshafunga zipu.

Mtetezi wa govi atanijibu kwamba ukilinganisha matokeo ya miaka mingi, viraka vya ngozi ya uume na vya shavu vimepishana kwa asilimia chache tu, na kwamba vyote viwili, kwenye sehemu pana ya mrija nyuma ya korodani, hufanikiwa kwa wagonjwa wapatao 8 kati ya 10 au zaidi. Ni kweli, wala sitaificha takwimu hiyo. Lakini ulinganisho huo una mlango ambao wengi hawakuupita. Wenye ngozi mbovu hawakuwekewa ngozi.

Kuna ugonjwa uitwao likeni sklerosisi. Govi linakuwa jeupe kama karatasi, linakakamaa, linapasuka likivutwa, tundu la mkojo linasinyaa, na baadaye kovu linapanda kuelekea ndani. Ni ugonjwa unaopenda ngozi ya sehemu za siri. Ukikata govi la mtu huyo ukalishona kwenye mrija wake, umeupandikiza ugonjwa ndani, na utaendelea kula kiraka kilekile ulichodhani ni dawa. Na mwanamume anayeupata kwa kawaida ni yupi? Ni yule ambaye hajatahiriwa. Mzee yuleyule wa Kisukuma tunayeambiwa ana ngozi ya akiba ndiye ambaye akiba yake inabidi ishukiwe kabla ya kuguswa. Sisemi kila govi ni bovu. Nasema anayeichukua ngozi hiyo bila kuitazama kwenye mwanga, na kukata kipande kwa ajili ya maabara akiona weupe, anacheza kamari kwa mwili wa mwenzake. Shavu halimwingizi kwenye kamari hiyo.

Halafu akiba yenyewe inakwisha. Majaribio makubwa yaliyothibitisha kwamba tohara inapunguza maambukizi ya Virusi vya Ukimwi kwa wanaume yalifanyika Afrika Kusini na kandokando ya ziwa letu hili, Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda. Shirika la Afya Duniani likatoa pendekezo lake mwaka 2007, na tangu hapo kambi za tohara zimefika Mwanza, Geita, Shinyanga na Simiyu. Kijana wa Misungwi anayeendesha bodaboda leo, ambaye ndiye atakayekuja na kovu kesho, huenda govi lake liliondoka akiwa kidato cha kwanza. Njia ya upasuaji inayotegemea kitu ambacho serikali hiyohiyo inakiondoa kwa kampeni si njia ya kuijengea huduma ya kanda nzima. Mashavu wanayo wote.

(Nikiwa hapo kwenye kambi za tohara: mtoto mwenye tundu la mkojo lililo chini ya uume badala ya kwenye ncha hatakiwi kutahiriwa hata kidogo. Huyo ndiye govi lake lina kazi kuu kuliko shavu lolote, maana ndilo litakalotumika kumtengenezea njia. Anayetahiri aangalie tundu kwanza.)

Viraka vingine havihitaji maneno mengi. Ngozi ya mfuko wa korodani ilitumika sana zamani kwa sababu ni nyingi na inavutika, lakini inaota nywele. Nywele ndani ya mrija hukusanya chumvi za mkojo, chumvi inaganda, na baada ya miaka daktari anafungua anakuta vijiwe vimepangana kwenye nywele kama shanga. Utando wa kibofu nao uliwahi kuwa na wapenzi, na kwa maandishi unavutia: tayari umezoea mkojo. Ila ni lazima tumbo lifunguliwe ili uupate, na kwetu una tatizo lake la pekee. Kichocho kinachoenea kwenye maji ya ziwa lenyewe ni kile cha matumbo, lakini ukiingia bara, kwenye malambo na majaruba ya mpunga ya Usukumani, unakutana na kichocho cha mkojo, ambacho mayai yake hukaa kwenye ukuta wa kibofu, yakaufanya mgumu, na kwa wengine yakaandaa njia ya saratani. Mtu aliyekojoa damu utotoni akichunga ng'ombe Kwimba hana utando wa kibofu wa kumkopesha mtu, hata mrija wake mwenyewe.

Ipo pia kambi ya wenye matumaini, inayosema tusubiri viraka vya maabara. Ni kweli kwamba jarida la Lancet mwaka 2011 lilitoa habari za wavulana 5 wa Mexico waliotengenezewa mirija kwa chembe za miili yao wenyewe, na mirija ikafanya kazi kwa miaka. Wavulana 5. Sengerema haiwezi kupanga bajeti juu yao. Na viraka vinavyotengenezwa kwa utumbo wa nguruwe vilishajaribiwa kwenye mrija. Kwenye makovu marefu havikufurahisha, na sina haja ya kueleza jinsi mazungumzo yangekwenda na mgonjwa Mwislamu wa Nansio au Msabato wa Musoma.

Lakini tuhuma inayoniudhi kuliko zote ni ile ya ugeni, kwamba shavu ni jambo la wenzetu. Kirill Sapezhko alitumia utando wa mdomo kutengeneza mrija huko Kiev mwishoni mwa karne ya 19, na Graham Humby akaurudia London mwaka 1941 kwa mtoto, kisha ukasahaulika. Aliyeandika mwaka 1993 kwamba utando wa shavu unafaa kwa makovu ya watu wazima kwenye mrija wa mbele alikuwa El-Kasaby na wenzake, Wamisri. Hata govi linalotetewa lina Mwafrika wake: Profesa J.K.M. Quartey wa Ghana ndiye aliyeonyesha mwaka 1983 jinsi ya kuhamisha ngozi ya uume pamoja na mishipa yake ya damu, kazi inayosomwa na madaktari wa mfumo wa mkojo duniani kote. Mjadala wa shavu na govi umefanywa na Waafrika kwa sehemu kubwa, kati ya Mto Nile na Accra. Anayeuita wa kizungu amechelewa kuusoma.

Na vifaa? Tuingie chumbani tuone. Mgonjwa amelala. Kinywa kimetanuliwa kwa chuma cha kawaida cha madaktari wa meno na upasuaji wa koo. Daktari anatafuta kwanza tundu dogo la mate lililo mkabala na gego la pili la juu, analiwekea alama, anakaa mbali nalo. Anachora umbo la yai refu, urefu sentimita 5 au 6, upana 2 au zaidi kidogo. Anachoma ganzi iliyochanganywa na adrenalini, shavu linavimba na kupauka, damu inapungua. Anakata juujuu ya msuli, anainua kipande, anakibandika kwa sindano kwenye ubao, na kwa mkasi anaondoa mafuta ya chini hadi utando unakaribia kupitisha mwanga. Huko chini mwenzake ameshaufungua mrija kwa urefu wote wa kovu. Kipande kinalazwa, kinashonwa kingo, kinashonwa na katikati kwa vituo vituo ili kisicheze. Hakuna mashine ya mabilioni hapo. Kuna taa nzuri, uzi mwembamba, mikono iliyofundishwa, na mtu wa nusu kaputi anayejua kuweka mpira wa pumzi kupitia puani kinywa kikihitajika wazi. Kama tuna upungufu, uko kwenye mafunzo, na hayo hospitali ya KCMC, Moshi, imekuwa ikiyatoa kwa miaka mingi kwa madaktari bingwa wa mkojo. Haupo kwenye uwezo wetu wa kununua.

Wagonjwa wana maswali yao, na hayo nayaheshimu kuliko hoja za matabibu wavivu. Swali linaloulizwa kwa sauti ya chini ni hili: "Daktari, mate hayatatoka huko?" Hayatoki, mzee wangu. Mate yanatoka kwenye tezi, na kinachokatwa ni utando tu. Je, nitakula? Uji unashuka siku hiyohiyo au kesho yake, ugali baada ya siku kadhaa. Shavu litakaza, litakufa ganzi kwa wiki kadhaa, kupiga miayo kutauma. Wachache wanabaki na ukakamavu wa kufungua kinywa kwa muda mrefu zaidi, na daktari asiyewaambia hilo mapema anawadanganya. Mdomo wa chini ndio wa kuachwa, kwa sababu unabaki na ganzi na sura inaharibika.

Na kama shavu lenyewe ni bovu? India, ambako upasuaji huu unafanywa kwa wingi, watafunaji wa tambuu na tumbaku hukutwa na mashavu yaliyokakamaa yasiyofaa kitu. Kwetu wapo wavuta sigara sugu na watumiaji wa ugoro. Hao wachunguzwe kinywa kabla ya kuahidiwa chochote, na waache tumbaku. Mbadala wa kwanza hapo bado si govi. Ni ulimi. Simonato, Mwitaliano, alieleza mwaka 2006 jinsi ya kuchukua utando wa ubavuni na chini ya ulimi, na sifa zake ni karibu zilezile za shavu. Mtu atasema kwa kigugumizi siku chache.

Sijasema ngozi itupwe. Kovu likiwa refu la kupindukia, mashavu yakaisha, ngozi safi itaongezea. Udongo ukiwa umekufa, pale penye majipu ya zamani, fistula, au mnururisho wa saratani, kiraka chochote kisicho na damu yake kitanyauka, na hapo mbinu ya Quartey, ngozi iliyosafiri na mishipa yake, inakuwa ndiyo mwokozi. Sijasema pia kila mtu anahitaji kiraka. Kovu fupi la yule mvuvi aliyeangukia ubao mara nyingi hukatwa likatolewa na ncha mbili zikaungwa. Mchimbaji wa Geita aliyefukiwa na kifusi nyonga ikavunjika, mrija ukakatika kabisa kule ndani, anahitaji kuungwa pia, wala si shavu wala si govi. Kwa hiyo kabla ya mabishano yote ipigwe picha ya eksirei yenye dawa, ionyeshe kovu linaanzia wapi na linaishia wapi. Ninavyoona mimi, rufaa isiyo na picha hiyo na yenye neno moja tu, "apanuliwe", irudishwe kwa aliyeiandika.

Gharama kubwa kwa mgonjwa inakuja baada ya chumba cha upasuaji: wiki 3 hivi na mpira, picha nyingine kabla haujatolewa, kisha kurudi kupimwa kasi ya mkojo, na kurudi tena mwaka unaofuata. Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limemwondolea mtu wa Sengerema foleni ya kivuko. Mtu wa visiwani bado anasubiri boti. Lakini hesabu hiyo naomba ifanywe kwa haki. Safari 3 au 4 za kiraka kilichoshika zilinganishwe na safari za kupanuliwa zisizo na mwisho, si na sifuri.

Kuna mgonjwa mmoja ambaye hata mimi mpenda shavu ningemwambia asikate mdomo upesi. Ana miaka zaidi ya 75, ana kisukari, kovu lake ni la mrija mzima wa mbele, amechoka. Huyu anaweza kutengenezewa tundu nyuma ya korodani, akakojoa akiwa amechuchumaa maisha yake yote yaliyobaki, bila kiraka, bila mfuko pajani. Upasuaji ni mfupi na matokeo yake hudumu. Wapo watakaokataa, kwa kuwa mwanamume hukojoa akiwa amesimama, na wana haki ya kukataa. Ila waelezwe kabla ya ganzi kuchomwa shavuni, na aelezwe mzee mwenyewe, si wanawe waliomleta.